Wavu Juu ya Mkanda

Kwetu Murukulazo mwanamke haondoki kwenye mashine ya kusaga kabla hajaupiga mfuko. Unga hutoka chini ya mashine kupitia mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia hadi kwenye debe, na mihogo yako ikishasagwa yote, ndani ya mfuko hubaki unga uliogandia pembeni. Ukiuacha, unakuwa wa anayekufuata. Kwa hiyo kila mmoja zamu yake ikiisha huingia mwenyewe, hupita nyuma ya mashine na kuupiga ule mfuko makofi mpaka utoe vumbi la mwisho. Mwendesha mashine angeweza kuupiga yeye. Alijaribu, akaambiwa anapiga kwa ulegevu makusudi, ili jioni akusanye unga wa watu apeleke kwake. Alichoka na maneno, akawaachia wenyewe.

Njia ya kufikia mfuko ilikuwa nyembamba. Upande mmoja ukuta, upande wa pili mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kuzungusha kinu. Mkanda ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni kwenda pale, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuona mkanda uliofunikwa.

Kwenye njia hiyo mama yangu alipoteza mkono wake wa kulia.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikisomea ualimu. Asubuhi ilikuwa na ubaridi wa mvua, ule wa vilima vyetu unaoingia mpaka kwenye mifupa, na mama alikuwa amejitanda kitenge mabegani. Mimi nilisimama mlangoni na ungo. Udaga wetu, ile mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, ulipokwisha, alipita nyuma ya mashine kama alivyopita maisha yake yote, akaanza kupiga mfuko. Niliona kitenge kinavutwa. Nilidhani kuna mtu anamtania, nikatabasamu. Ndipo nikamsikia.

Injini ya dizeli haizimiki mara moja. Inapungua kwanza, inakohoa, halafu ndiyo inasimama. Mpaka leo nikisikia injini inakohoa namna ile nashika kitu kilicho karibu nami, hata kama ni meza ya darasani na watoto wananitazama.

Hospitali waliukata mkono juu ya kiwiko. Daktari alisema wazi kwamba hapakuwa na cha kuokoa, na ninamshukuru kwa kusema wazi, maana wengine wote walizunguka. Walikuja watu wengi kutoa pole. Walileta ndizi, walileta maharage, walisali rozari pembeni ya kitanda, na walipotoka nje walinivuta kando kuniuliza swali lile lile: kwani alikuwa amefungaje kitenge? Nilimjibu wa kwanza kwa upole. Wa pili nilimwambia alikuwa amekifunga kama ulivyokifunga wewe sasa hivi, mama. Baadaye niliacha kujibu. Kulikuwa na hasira kifuani mwangu ambayo sikujua niiweke wapi. Mtu amelala hana mkono, na watu wazima wenye akili zao wanatafuta kosa kwenye fundo la nguo.

Mwenye mashine alikuja pia. Alikuwa mzee wa mjini Ngara, Mwislamu, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa akaoa na kubaki huku. Sitaki msomaji amchukie. Alikuja na chupa ya chai na vitumbua vilivyopikwa na mkewe, akaketi kwenye kile kibenchi cha wageni, akalia mbele ya watu bila kuficha uso. Gharama zote za hospitali alizibeba yeye kabla hajaombwa.

"Dada yangu," alimwambia mama, "haya ni makadara ya Mwenyezi Mungu. Tumpe nini sisi ila shukrani, kwamba roho imebaki."

Mama alikuwa bado na dawa kichwani. 

"Mungu hakuacha mkanda wazi," alisema.

 Mzee alimmiminia chai, akamshikia kikombe.

Mama aliporudishwa nyumbani, wazee wa kilimani waliona jambo limalizwe kwa desturi. Kwetu watu waliokoseana hupatana kwa chungu cha pombe ya ndizi: mnakiweka katikati, kila upande unachukua mrija wake, mnanyonya pamoja, na ukishanyonya, umesamehe. Hapo hakuna tena kurudi nyuma. Anayerudi nyuma baada ya kunywa anaonekana mtu wa ajabu, na hata harusini watu wanakaa mbali naye kidogo.

Shida ilikuwa moja. Mzee hanywi pombe. Wazee walilifikiria hilo na wakaona wamepata ufumbuzi: mwendesha mashine anyonye kwa niaba yake. Basi siku hiyo uani kwetu paliwekwa chungu, mzee akaketi na kanzu yake safi, mwendesha mashine pembeni yake na mrija mkononi akiwa hajui aangalie wapi, na baba yangu ameinamisha kichwa kwa sababu alitaka sana jambo liishe. Mzee alikuwa ameahidi mengi. Angetupa fidia bila kusukumwa na mtu, na angenilipia chuo mpaka nimalize. Alichoomba ni amani tu, na kwamba jambo lisifike mahakamani. Aliyasema kwa heshima, na naamini angeyatimiza.

Mama alishika mrija kwa mkono wa kushoto. Hakuupeleka mdomoni.

"Mkanda utafunikwa?"

Mzee alieleza kwa uvumilivu. Mkanda ule una tabia ya kuchomoka, kila mara lazima urudishwe, ukiuwekea kizuizi kazi inasimama na watu wanangoja. Tena mashine zote ziko hivyo, si yake tu. Akaahidi kuweka kibao ukutani cha kuwaonya akina mama wafunge nguo zao vizuri.

"Mimi sitaki hera yako," mama alisema, na ile "hera" yake wajukuu zake wanamcheka nayo hadi leo. "Nataka kile kitu kifunikwe. Na wewe mwenyewe hunywi. Nitapatanaje na mrija wa mtu mwingine?"

Aliuweka mrija chini, akaingia ndani. Wazee walibaki na chungu. Baba hakumsemesha mama siku kadhaa, na sikumlaumu. Alikuwa ameona ada yangu ya chuo ikiingia ndani pamoja na mke wake na mlango ukifungwa.

Ndivyo mwanamke ambaye hakumaliza hata darasa la nne alivyoshtaki. Tulimpata wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo kuliko mimi, aliyekuja kwa pikipiki na viatu vimejaa tope. Alituambia kesi za namna hii hazifunguliwi sana huku kwetu. Watu huumia, hupewa pole, mambo huishia nyumbani. Alimuuliza mama anataka nini hasa. Mama alimwambia anataka mwanamke mwingine asivutwe na mkanda ule. Yule binti akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria ina neno la jambo hilo. Neno lenyewe lilikuwa wajibu. Mtu akiweka kitu cha hatari mahali anapojua wengine watapita, ana wajibu kwao, hata kama hajawaita.

Kwenye jumuiya yetu walisali kwa ajili ya mioyo migumu. Hawakutaja jina. Haikuwa na haja.

Mahakamani utetezi wa mzee ulikuwa mwepesi kueleweka: wateja husubiri nje, mahali pa mashine ni pa mwendesha mashine peke yake, na mama aliingia mahali pasipo pake. Shahidi wao alikuwa jirani yetu, mwanamke tuliyechota naye maji kisima kimoja. Mume wake alikuwa akipata vibarua kwa mzee. Alisimama kizimbani na gauni lake la Jumapili.

"Sisi tunasubilia nje," alisema. "Hatuingiagi kule. Kule ni kwa mwenye mashine."

Nilitamani kusimama nimwambie mwongo. Mama alinishika goti. Wakili wetu hakupiga kelele wala hakumbana. Aliomba mahakama ikatembelee mahali penyewe, na hakimu akakubali.

Walikuja na gari la serikali. Kilima kizima kilikuwa pale, kama penye msiba. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mkimya, aliyevaa koti lililomkaa vibaya, na aliangalia kila kitu kwa macho ya mtu asiyeamini anachoambiwa na upande wowote. Alisema anataka kuiona mashine ikifanya kazi. Ikahitajika mihogo. Jirani yetu alikuwa amekuja na udaga wake kwenye ndoo, kwa sababu siku ile ilikuwa ya kusaga na mtu hawezi kupoteza safari kwa sababu ya kesi. Ukachukuliwa wa kwake.

Injini ikawashwa. Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ua wa miti. Udaga ukamiminwa, unga ukaanza kushuka, hakimu amesimama mlangoni mikono nyuma. Unga ukapungua. Ukakatika.

Jirani yetu akaingia, akapita nyuma ya mashine, akaanza kuupiga mfuko makofi.

Hakumtazama mtu. Alikuwa anaupiga kama alivyozoea, huku na huku, ameinama, kitenge chake kinapepea karibu na mkanda. Hata hakujua alichokifanya mpaka watu walipopiga yowe. Si yowe la kumcheka, msinielewe vibaya. Walikuwa wanamwita atoke. Mwenye mashine mwenyewe ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Toka! Toka hapo, mama, jamani, toka!" na mikono yake miwili ilikuwa kichwani.

Mwendesha mashine alizima. Ilipomaliza kukohoa palikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia kuku wa nyumba ya pili. Jirani alisimama katikati ya ile njia, uso umejaa unga, akamtazama hakimu, akautazama mfuko. Hakimu aliandika kitu kifupi. Hakuuliza swali lolote, akarudi kwenye gari.

Hukumu ilisomwa kwa Kiswahili chepesi. Nakumbuka alisema kwamba mwenye mashine alijua, na kama hakujua, alipaswa kujua, kwamba kila mteja hupita pale kufuata unga wake. Kwamba desturi ya watu haiwezi kuwa kosa lao pale mwenye mali anapoishi nayo kila siku. Na kwamba kuwaambia wanawake wafunge nguo vizuri si ulinzi. Akaamuru fidia. Akaamuru pia mashine isiwashwe tena mpaka mkanda umefunikwa. Mama aliposikia hilo la pili ndipo alipofuta macho.

Fidia ililipwa, ikatumika, ikaisha, kama fedha zinavyoisha. Chuo nilimaliza kwa sehemu yake.

Lakini mzee hakufunika mkanda. Aliona amedhalilishwa, na kwa hakika alikuwa amedhalilishwa. Alifunga banda na kufuli. Sasa wanawake wa Murukulazo wakawa wanakwenda kusaga ng'ambo ya bonde, kushuka na mzigo kichwani, kupanda na unga kichwani, na mvua ikiwakuta njiani unga unakuwa uji. Hapo ndipo nilipojua maana ya kushinda kesi. Walimpita mama barabarani bila salamu. Jirani yetu alisema kisimani, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu wakikosa mkono wanataka kilima kizima kikose ugali. Mama naye alikwenda ng'ambo ya bonde kama wao, ndoo kichwani, mkono mmoja ukiishikilia. Huko nako mkanda ulikuwa wazi. Hakuingia kupiga mfuko. Aliuacha unga wake kwa mwingine.

Nilimwambia angekunywa tu ile pombe. Nilisema kwa hasira, nimechoka kumwona anatengwa.

"Mwana wanje," alinijibu, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu, "ningekunywa, wewe ungekwenda kupiga mfuko."



Nilipangiwa kazi Biharamulo, kata ya Nemba. Shule yetu iko kando ya barabara, na mbele ya lango pana matuta mawili. Madereva wa malori huyatukana kila siku ya Mungu. Mwaka wangu wa kwanza niliwauliza walimu wenzangu matuta yale yaliwekwa lini, na mmoja akanijibu, bila kuacha kusahihisha madaftari, kwamba ni baada ya yule mtoto. Mtoto gani? Hakumkumbuka jina. Alikumbuka tu kwamba baba yake alikwenda mahakamani, na baada ya hapo matuta yakaja. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Watoto walivuka jioni wakikimbizana, lori likapunguza mwendo, dereva akatukana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua anavuka salama kwa sababu ya nani.

Huko huko Nemba nilipeleka mahindi yangu kusaga. Nilikuwa nimejiandaa kusimama mbali. Nilipofika niliona mkanda umezungukwa na wavu wa chuma, umechomelewa kwenye nondo na una kilango kidogo chenye komeo ili mkanda ukichomoka mtu aingize mkono injini ikiwa imezimwa. Nilimuuliza kijana wa mashine nani aliwawekea.

"Tumelazimishwa, mwalimu," alisema. "Maofisa walipita na hukumu ya mahakama. Kata ya Bisibo wote wamefunika, hapa wote wamefunika. Kuna mama mmoja huko Ngara alishtaki. Sijui alikuwa na shida gani."

Nilimwambia hata mimi sijui. Nilichukua unga wangu, nikatembea mpaka nilipofika mahali pasipo na watu, nikalia kwa nguvu, na sikulia kwa huzuni peke yake.

Mzee alikuja kwetu mwaka jana, wakati niko likizo. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, na kijana wake alikuwa amebaki barabarani kwenye gari. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo. Mama alitoka jikoni.

"Dada yangu," alisema, "nimeleta umeme kwenye banda. Nimeleta mashine mpya. Na nimeufunika. Nimesimama mwenyewe fundi akichomelea. Kesho tunafungua, njoo uone."

Mama alimkaribisha akae. Hakukuwa na chungu wala mrija. Nilipika chai, wakanywa wote wawili kutoka birika moja, wakazungumzia bei ya kahawa na magoti yao. Hakuna aliyetamka neno msamaha. Aliposimama kuondoka, mama alimsindikiza hadi kwenye gari, na kwa mkono wake wa kushoto akamfungulia mlango.

Kesho yake tulikwenda. Foleni ilifika nje ya ua. Wanawake walimsalimia mama, wengine vizuri, wengine kwa haraka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Injini mpya haikohoi, inavuma tu. Mama alisogea taratibu mpaka kwenye wavu, nikataka kumzuia, nikajizuia mimi. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya zile nyaya. Mkanda ulikuwa unakimbia nyuma ya wavu. Alisimama hivyo kwa muda, nywele za mbele zikipeperushwa na upepo wa mkanda, kisha akarudi kukaa juu ya gunia la mtu.

Zamu ya jirani yetu ilifika. Udaga wake ulisagika, unga ukakatika, naye akapita nyuma ya mashine kupiga mfuko. Alikuwa analalamika kwa sauti tuisikie sote. Dude hili limebana njia! Mtu mnene atapitia wapi? Kila kitu siku hizi ni kututesa tu. Na alipokuwa akiinama, ncha ya kitenge chake ilipeperuka, ikavutwa na upepo kuelekea kwenye mkanda, ikagonga wavu. Ikanasa pale kwenye waya.

Mzee aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Mimi nilishika ukuta.

Jirani alihisi nguo imeshikwa. Aliivuta bila kugeuka, ikanyofoka, akaitupia begani, na hakukatisha hata sentensi yake juu ya ubaya wa lile dude. Hakujua kitu. Nyuma yangu kuna mwanamke alikuwa anacheka jambo jingine kabisa. Mzee alikaa tena polepole, akafuta uso kwa kofia yake, akamtazama mama.

Mama alikuwa bado juu ya lile gunia. Nilidhani atalia, au atasema yale yote aliyokuwa na haki ya kuyasema tangu siku ile ya kizimbani na zile za kisimani. Aliinua kidevu kuelekea kwa yule mwanamke.

"Piga vizuri, jirani," alimwambia. "Bado umebaki."